Chipu Nne Kutoka Mbarara

Jumamosi, saa nne asubuhi, Liliane aliwasha kompyuta ya kwaya kwa mara ya sita. Skrini ikaganda tena. Mashine ilikuwa ya mwaka 1992, na kadi yake ya kuongeza kasi ilitaka chipu za kumbukumbu za nanosekunde 60. Za 80 ni za polepole mno. Chipu nne zilizofika jana ziliandikwa 60, lakini mashine ilizikataa.

Mchungaji alipompigia simu muuzaji, Yonatani wa Mbarara, alijibiwa kwamba mbebaji ndiye aliyezibadilisha njiani. Leo saa nane mchana wazee wa kanisa wangemvua Byamungu, mbebaji huyo, kazi ya kubeba mizigo na dawa za watu wa kambi ya Kashojwa.

"Dada, miye sikufungula," Byamungu alisema. "Yonatani alishona muzigo ye mwenyewe, miye naangalia. Bakinitosha ku kazi, nani atanipa tena hata barua?"

"Gari liliondoka saa ngapi?"

"Saa tatu. Dereva anapiga honi, Yonatani anakimbiza sindano."

"Ulikaa wapi?"

"Katikati ya bamama wawili na magunia. Hata mukono haukutoka."

Kwa desturi ya kanisa lao, mzigo haubebwi ukiwa wazi: muuzaji huushona kwenye kitambaa, na mpokeaji huukata mbele ya mashahidi. Huu ulishonwa kwenye kipande cha kitenge cha njano. Liliane aliziangalia chipu kwa lenzi. Nyuzi za njano zilikuwa zimenasa ndani ya rangi nyeusi iliyofunika migongo ya chipu.

Akapanda gari la Mbarara, na saa saba na nusu alisimama dukani kwa Yonatani, katikati ya wateja. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ssebo, chipu hizi ulizifanyia nini kabla ya kushona?"

"Nilitoa kwa droo, nikashona. Mimi nauza original, nyabo. Nyinyi watu ya kambi mnaibiana, halafu mnakuja kwa Yonatani."

"Nyuzi za kitambaa zimezama kwenye rangi. Zilifungwa rangi ikiwa mbichi."

"Basi huyo mtu yako alifungua, akapaka, akashona tena."

"Kwenye gari lililojaa, mikono imebanwa? Fungua droo. Zilizobaki humo hakuzibeba."

Yonatani akageukia mteja mwingine. Mama mmoja wa mtaa wa Makenke, aliyekuwa akingojea redio yake, akaivuta droo mwenyewe. Chipu tano, zote zimeandikwa 60. Liliane aliisugua moja kwa pamba na dawa ya kufuta rangi ya kucha. Ile 60 ikafutika pamoja na rangi nyeusi. Chini yake ilikuwa imechongwa 80.

"Za 60 zilikwisha," Yonatani alisema. "Nikaona, huko kambi nani atajua?"

"Mimi."

"Chagua kitu yoyote hapa, nyabo, tumalize kimya kimya."

"Nimefuata jina la Byamungu. Mpigie mchungaji, weka spika."

Alipiga. "Wazee wako hapa mezani," mchungaji alisema. "Sema."

"Chipu nilipaka mimi. Byamungu hakugusa."

"Hatujasikia vizuri," mzee mmoja alisema.

Liliane aliisukuma simu karibu na mdomo wa Yonatani. Akarudia, na duka zima likasikia.