Oili ya Kushoto

Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya chai, nyumbani kwetu tuliikagua pikipiki. Baba alikuwa mnoa visu. Alifunga jiwe lake la kunolea nyuma ya kiti, akazunguka mitaani akinoa mikasi ya mafundi cherehani na visu vya wauza nyama. Pikipiki yenyewe ilikuwa kongwe kuliko ndoa yake. Ikiwashwa ilikohoa mpaka majirani wakaipa pole.

Pikipiki nyingi zina oili moja tu. Ile ya baba ilikuwa na matumbo mawili: moja la injini, na jingine, upande wa kushoto, la klachi na mnyororo wake wa ndani. Oili ya tumbo hilo la pili tuliiita oili ya kushoto. Baba alikuwa na mgongo mbovu, hakuweza kuchuchumaa, kwa hiyo kazi ya kuikagua alinipa mimi. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na cheo hicho kilinivimbisha kichwa.

Kazi ilihitaji watu wawili. Dada yangu alishika usukani na kuisimamisha pikipiki wima. Mimi nilifungua skrubu tano za kifuniko cha duara, nikamulika tochi ndani. Oili ilipaswa kugusa ukingo wa chini wa klachi. Ikiwa imepungua, niliongeza kidogo kidogo. Kisha niliandika "Sawa" kwenye daftari lililoning'inia msumarini.

"Wima, Wakili," baba alinikumbusha kila mara. Aliniita Wakili kwa sababu sikukosa la kujitetea. "Ikiwa kwenye stendi inalalia kushoto. Oili yote inakimbilia kifunikoni, unadhani imejaa kumbe imekwisha."

Basi mwezi mmoja dada alinichongea. Nilipata alama tisa kwa mia katika hesabu, nikaficha karatasi chini ya godoro. Dada akaitoa, akampelekea baba kama tarishi mwaminifu. Nikaapa kwamba sitamwomba msaada wowote.

Jumamosi iliyofuata alikuwa chumbani akijiandaa kwa usaili wa chuo cha uuguzi. Sikumwita. Niliiacha pikipiki kwenye stendi, nikafungua kifuniko, na oili hiyo hapo, mlangoni kabisa! Nikaandika "Sawa". Jumamosi ya pili nikafanya vivyo hivyo. Ya tatu na ya nne sikufungua hata skrubu moja. Niliona doa jeusi sakafuni chini ya pikipiki. Nikalimwagia mchanga, nikafagia, nikajisifu kwa usafi.

Jumatatu ya usaili, dada alivaa blauzi nyeupe aliyoipiga pasi mara mbili. Alitakiwa kufika saa tatu kamili. Baba alishusha jiwe la kunolea ili yeye apate mahali pa kukaa.

"Wakili, oili ya kushoto vipi?" aliuliza.

"Sawa, baba."

Wakaondoka saa moja na nusu.

Niliporudi kutoka shule niliwakuta ndiyo kwanza wanaingia uani. Baba alikuwa akiisukuma pikipiki, jasho limelowesha shati lote. Dada alikuwa nyuma yake, viatu mkononi, visigino vimechubuka. Alipita bila kunitazama, akaingia chumbani.

"Tulipofika kwenye mlima, injini ikapiga kelele lakini pikipiki haiendi," baba alisema. "Harufu ya kuungua ikajaa. Dada yako akashuka, akakimbia. Kafika saa tatu na dakika ishirini, wamefunga orodha. Mlinzi kamwambia arudi mwakani."

Jioni hiyo alikuja Fundi Kimya. Jina hilo alipewa kwa dhihaka, maana mdomo wake haukuwa na breki. Lakini alipofungua tumbo la kushoto, kweli alinyamaza. Alikinga chombo. Ilitoka oili ya kujaza kijiko cha chai, nyeusi, inanuka.

"Kaka, hii klachi umeikaanga bila mafuta," alisema. "Gasketi hii ya kuzibia inavuja. Si leo wala jana."

"Haiwezekani!" Baba alilitoa daftari msumarini. "Mwanangu anakagua kila wiki. Tazama mwenyewe. Sawa, sawa, sawa, sawa. Huyu mtoto hajawahi kuruka hata Jumamosi moja." Alikuwa akinitetea, na sauti yake ilijaa fahari. "Ni yule wa dukani. Kaniuzia oili feki, imekauka yenyewe! Ngoja nikamwulize mbele ya wateja wake."

Akachukua kofia. Mwenye duka alikuwa mzee mpole, kila nikienda kununua oili aliifuta chupa kwa kitambaa kabla ya kunipa. Nikamkimbilia, nikaishika kofia.

"Baba, usiende. Mimi ndiye sikukagua."

Nikasema yote: stendi, mchanga, na zile Jumamosi mbili ambazo hata bisibisi sikuishika. Siku hiyo Wakili alijishtaki mwenyewe.

Baba hakunipiga wala kufoka. Alinipa daftari, akaniongoza hadi mlangoni kwa dada.

"Msomee mwenzio."

"Sawa," nilisoma. "Sawa. Sawa..." Neno la nne nililifunika kwa kidole gumba.

Dada alikuwa akiikunja ile blauzi nyeupe. "Ungeniita tu," alisema. "Ningekuja hata na kitabu mkononi."

Bora angenizaba kofi.

Jumamosi, Fundi Kimya alifunga sahani mpya za klachi na gasketi mpya. Akaniita nijaze oili. Nikatazama usukani, sikujua nimwombe nani aushike. Mlango ukafunguliwa. Dada alikuja, akaiinua pikipiki ikasimama wima. Hakutabasamu.

"Nimeshika. Tazama."

Nilimimina taratibu mpaka oili ikagusa ukingo. Nilipochukua kalamu, baba aliniwekea mkono begani.

"Mwanangu, siku ile dada yako hakupanda pikipiki, alipanda neno lako, nalo ndilo lililomwangusha mlimani. Klachi nimenunua nyingine. Mwaka wake sijui unauzwa duka gani. Kwa hiyo ukiulizwa jambo na hujalitazama, sema hujalitazama. Utaona aibu ya dakika moja, basi."

Dada alisubiri usaili mwingine mwaka mzima, akinoa mikasi pamoja na baba. Mimi neno "Sawa" sikuliandika tena. Jumamosi ile ya klachi mpya niliandika: "Nimefungua. Nimeona kwa macho. Imegusa ukingo. Aliyeshika ni dada."