Bangili Isiyovulika

Inspekta hakuwa na gari, hakuwa na msaidizi, hakuwa na maabara ya karibu, wala hakuwa na maiti. Alichokuwa nacho ni kaburi tupu na mtu mmoja aliyekwisha kutiwa pingu.

Kaburi lilikuwa katika uwanja wa makaburi ya kale, mahali palipotakiwa kujengwa hospitali. Kabla ya ujenzi, wanaakiolojia walikuwa wakiyafukua makaburi, kuyapima na kuyachora, kisha kuipeleka mifupa ghalani. Jana jioni walifunua mifupa ya mwanamke mwenye bangili ya shaba mkononi. Asubuhi hayupo.

"Ni mlinzi huyu," alisema msimamizi wa ujenzi. "Kaitamani bangili. Mpeleke mahabusu, sisi tumwage zege."

"Mimi na mifupa wapi na wapi, afande?" mlinzi alilalamika. "Hata ya kuku namwachia mke wangu!"

Inspekta alipiga magoti ndani ya kaburi. Hapakuwa na hata kifupa cha kidole kilichosahaulika.

"Mwenye tamaa ya bangili angebeba mkono," alisema. "Huyu kambeba marehemu toka kichwa hadi vidole."

Akamgeukia mkuu wa wanaakiolojia, mama wa makamo mwenye kofia pana.

"Mama, mnajuaje kaburi lilipo kama alama zimepotea?"

"Udongo ukishachimbwa haurudi kama ulivyokuwa. Wa chini huchanganyika na wa juu. Rangi humsuta mchimbaji."

"Basi na leo itamsuta mtu."

Jua lilikuwa kali. Wote walijifunika vichwa isipokuwa mchoraji wa makaburi, binti mtulivu, aliyekunja uso kwa mwanga. Inspekta alilitia hilo akilini, akaanza kukagua uwanja. Msimamizi alimfuata akinung'unika. Haraka haina baraka, lakini uvivu nao hauna. Inspekta hakupumzika hadi alipofika kwenye ukuta wa uwanja, mahali ambapo ramani ya hospitali ilionyesha bustani. Hapo udongo mwekundu ulikuwa na madoa meusi.

Mkuu alikwangua kwa mwiko wake wa kufukulia. Kingo za shimo zikajitokeza, zimenyooka kama zimepigwa rula.

"Mlinzi! Wewe ungechimba hivi?"

"Mimi? Ningefukua kama panya, afande!"

"Basi ni mwenzenu, mama. Mkono uliozoea kazi safi umeshindwa kuchafua hata katika wizi."

Walipofukua, chini palikuwa na mtandio wa buluu. Ndani yake mifupa ililazwa kwa mpangilio, kila kidole mahali pake. Bangili ilikuwa bado mkononi.

"Binti," Inspekta alimwita mchoraji, "leo jua linakuchoma. Mtandio wako uko wapi?"

"Unauona, afande."

"Umemwiba wewe?"

"Sikumwiba. Nimemhamisha."

"Ni nani kwako?"

"Mama yake bibi yangu."

"Umejuaje?"

"Alivunjika mkono, ukaunga umepinda kama mundu. Nyumbani sote tumesimuliwa: bangili haikuvulika, akazikwa nayo. Jana nikimchora, kalamu iliniponyoka."

"Kwa nini hukusema?"

"Angepewa namba, akatiwa kwenye boksi. Nani ameshatoka ghalani akazikwa? Hapa patakuwa bustani. Nilitaka alale."

Mkuu aliinamisha kichwa. "Haturuhusiwi kuwazika bila kibali."

"Na kibali ameomba nani?" Inspekta aliuliza.

Kisha akamgeukia mchoraji.

"Na wewe, binti, mlinzi angefungwa kwa ajili yako?"

"Nilikuwa nakuja kusema."

"Hukuja."

Machozi yakamtoka. Akamsogelea mlinzi. "Nisamehe, baba."

"Nitakusamehe mikono ikiacha kuuma," alisema mlinzi, akiinyoosha ili pingu zifunguliwe.

Inspekta aliandika maelezo ya binti bila kuficha neno; kosa ni kosa. Kisha akaiandikia mamlaka barua yake mwenyewe: familia zitafutwe, na mifupa yote izikwe katika bustani ile kabla ya jengo kuanza. Mkuu akatia saini chini yake.

"Na zege langu?" msimamizi aliuliza.

"Litasubiri. Waliolala hapa wamesubiri zaidi."

Akaifunga bahasha, akampa mlinzi aipeleke posta.

"Lamba tena kona hii, afande. Isije ikabanduka njiani."

Inspekta akalamba, akaibana kwa kiganja, na barua ikaondoka.