Rimu za Aikaeli

Jumamosi hiyo foleni ya magari ilianzia uwanjani kwa Twahir, muosha magari, ikafika hadi barabarani, kana kwamba Olasiti nzima imeamka na wazo moja. Twahir alikuwa akimwagia maji kirikuu kimoja cha mizigo alipomwona dada mmoja amechuchumaa kando ya Subaru ya bluu, gauni la kitenge kalikusanya magotini, anakwangua rimu kwa stilwaya kama anayesugua sufuria lililoungua.

Alizima pampu, akamfuata, akaushika mkono wake kabla hajafikiri.

"Samahani dada. Utaijaza mikwaruzo."

"Nimejaribu sabuni ya unga, nimejaribu mafuta ya taa," alisema yule dada bila kuuvuta mkono. "Hautoki huu weusi."

"Si tope, ndiyo maana. Ni vumbi la breki. Limeungua na kugandia humo."

Aliitwa Aikaeli, Mmeru wa Makumira, daktari wa mifugo. Kazi yake ilikuwa kuwazungukia wafugaji wa upande wa Momela, na kurudi kwake kulikuwa mguu kwenye breki mteremko mzima. Twahir alimwomba asubiri magurudumu yapoe. Kisha akapuliza dawa, na ule weusi ukaanza kuchuruzika rangi ya zambarau. Aikaeli alicheka, akataka kujua nani kalilisha gari lake matunda. Twahir alipitisha brashi laini kwenye kila upenyo, akasuuza kabla dawa haijakauka, na palipong'ang'ania akapuliza upya badala ya kutumia nguvu. Rimu zilipong'aa, Aikaeli hakuwa na haraka ya kuondoka.

Alirudi wiki iliyofuata, na nyingine, rimu zikiwa chafu au safi. Simu zikaanza. Twahir alimwita daktari wangu, akamuuliza kama ng'ombe nao huwa wanambishia hivyo. "Ng'ombe wana adabu kukuzidi, mpenzi," alikuwa akijibu Aikaeli. Ilipofika baridi ya Julai, Mlima Meru umejifunika wingu hadi kiunoni, Twahir alikuwa ameshamwambia mama yake, Bi Maulida, kwamba amepata mchumba.

Ndipo siku moja Aikaeli akaja na mama yake mzazi. Walikuwa wakienda kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa jirani anayeolewa; mama kavaa sweta jeupe na kilemba kilichofungwa vizuri. Twahir, buti za mpira zikimwagika maji, aliinama dirishani, akasema "Karibu, Aika," kisha akamwamkia mama shikamoo. Mama aliitikia vizuri, kisha akamgeukia binti yake kumuuliza huyu kijana ni nani, mbona anamwita Aika.

Aikaeli alitazama usukani. "Ananioshea gari tu, mama."

Twahir alichuchumaa akamaliza gurudumu lililobaki, hakuruka hata upenyo mmoja. Walipoondoka alikaa juu ya ndoo aliyoipindua, na kwa mara ya kwanza maishani akazionea aibu buti zake. Tangu hapo simu za Aikaeli hakuzipokea. Daktari ni daktari, alijiambia, mimi ndiye niliyejisahau. Bi Maulida alipouliza mkwe atakuja lini, alijibiwa kwamba ana kazi nyingi.

Aikaeli alikuja siku ya mvua, uwanja hauna gari hata moja la kuoshwa. Koti lake la kazi lilikuwa na matope, macho yamevimba. Alisimama chini ya bati, akamwambia Twahir kwamba alipaswa kumuuliza sababu kabla ya kumhukumu. Akaeleza: dada yake mkubwa aliolewa na Mwislamu wa Kondoa, na tangu siku hiyo mama hajalitaja jina lake. Hata picha zake aliziondoa ukutani.

"Niliogopa atakuuliza unaitwa nani," alisema. "Kazi yako sijawahi kuionea aibu. Niliogopa jina lako."

Hilo lilimuuma Twahir kuliko lile la kwanza.

"Buti ningezivua, Aika. Jina nitaliacha wapi?"

"Sijakuomba uliache."

Akatoa simu pale pale, akampigia mama yake, akaweka sauti ya juu ili Twahir naye asikie.

"Mama, yule kijana wa Olasiti anaitwa Twahir. Ni Mwislamu. Mimi nampenda."

Mvua ilikuwa ikipiga bati; aliisogeza simu karibu na Twahir. Kisha sauti ya mama ikaja, ndogo, kama ya mtu aliyekaa chini ghafla.

"Na wewe pia?"

Simu ikakatika. Aikaeli alipiga tena, haikupokelewa. Akasimama ameishika kwa mikono miwili, na Twahir, aliyekuwa amepanga maneno mengi makali ya kumwambia siku akimwona, akayaacha yote. Alimkumbatia na koti lake la matope, akamwacha alie mpaka atulie.

Halafu akaingia chumbani kwake nyuma ya uwanja, akatoka amevaa shati safi na viatu vyake vya Ijumaa.

"Twende," alisema.

"Wapi?"

"Makumira. Kwa mama."

"Atakufukuza, Twahir."

"Anifukuze akijua anamfukuza nani."

Aikaeli alimtazama, akampa funguo za gari. Wakaondoka na mvua ile kuelekea Usa River, njia ya Makumira, mkono wa Aikaeli ukiwa juu ya goti la Twahir.