Chupa ya Saa Tatu

Gari liliteleza kwenye kona ya mwisho kabla ya mto, likazunguka, likaingia mtaroni na kulala ubavu. Murugi alipofumbua macho hakutafuta damu, alitafuta kisanduku cha baridi cha chanjo. Kilikuwa kizima. Wambugu, dereva, alitoka kupitia dirishani bila mkwaruzo. Salwa alitoka ameshika kifundo cha mguu, meno ameyauma.

Mvua ilipiga. Simu hazikuwa na mtandao. Wambugu akarudi kwa miguu kuelekea Giakanja walikotoka, kutafuta trekta, na wauguzi wawili wakabaki na msitu, mto, na chupa moja ya chanjo ya surua. Kijiji cha ng'ambo kilikuwa kimezika mtoto kwa ugonjwa huo wiki iliyopita.

Chupa hiyo ndiyo iliyomtafuna Murugi roho. Ilikuwa ya mwisho, ya dozi kumi. Asubuhi kliniki walikuja watoto wawili tu, na Salwa akasema wangoje wengine. Salwa alipogeuka, Murugi akaichanganya na maji yake. Kisa? Wivu, basi. Miaka kumi na minane amedunga watoto wa Tetu, halafu msichana wa mjini, wa Majengo, aliyeajiriwa juzi anafanywa kiongozi wa timu, eti kwa sababu ndiye anayemwaga dawa kidogo kuliko wote! Chanjo hiyo ikishachanganywa hutupwa baada ya saa sita. Murugi alitaka dozi nane zimwagwe, na zimwagwe chini ya jina la Salwa. Lakini Salwa aliamua wazipeleke ng'ambo.

"Umeandika saa ngapi kwa chupa?" Salwa aliuliza, akijifunga mguu kwa bendeji.

"Saa tatu."

"Sasa ni saa saba na nusu. Twende."

"Na hiyo mguu?"

"Itafuata. Twende, sista."

Daraja la magogo lilikuwa limesombwa. Maji yalifika kiunoni, mekundu kwa udongo, yakivuta. Murugi alikitazama kisanduku. Kingeponyoka tu mkononi, nani angemuuliza? Kisha akamkumbuka yule mtoto aliyezikwa, akajichukia.

Akaurefusha ukanda wa kisanduku, akauvika kwenye paji la uso, kisanduku kikakaa mgongoni, vile mama yake alivyobeba kuni katika msitu huu huu. Mikono yote miwili ikabaki huru. Akamshika Salwa.

"Hiyo hatukufunzwa chuo," Salwa alisema akitetemeka.

"Ati kuna kitu hujui?" Murugi akajibu, na raha aliyoisikia ikamtia aibu.

Katikati jiwe likabiringika. Salwa akazama. Murugi akamnyaka kola ya koti, akapiga magoti kwenye changarawe, akamvuta hatua kwa hatua hadi ukingoni. Shingo ilimuuma kwa ule ukanda, lakini kisanduku hakikugusa maji.

Walifika saa nane na dakika arobaini. Uwanja wa kanisa ulikuwa mtupu. Akina mama waliokuwa wakiwangoja walikuwa wamekata tamaa wakaenda zao. Salwa aliketi kwenye ngazi akalia.

Murugi akasimama mvuani, akapaza sauti. "Mama Griffins! Mama Anita! Ni Murugi, yule aliwazalisha! Leteni watoto mbio!"

Milango ikafunguka. Watoto wakaja wamefunikwa magunia, wengine mgongoni. Dozi ya nane iliingia zikiwa zimebaki dakika mbili kufika saa tisa.

Salwa akajaza fomu. Zilizomwagwa: sifuri.

"Nilichanganya makusudi," Murugi akasema. "Nilitaka ikuharibikie."

"Najua. Nilikuona." Salwa hakuinua kichwa. "Mimi hapa hakuna mtu angenifungulia mlango, sista. Wewe wanakuitikia. Mimi niko na hii fomu tu. Unafikiri hiyo hainiumi?"

Murugi alikifunga kisanduku. Miezi yote hiyo hakuwahi kuwaza kwamba hata yeye mwenyewe ana cha kuonewa wivu. Aliitazama tena ile sifuri chini ya jina la mwenzake. Ilimchoma bado, kidogo. Akaketi ngazini, akauchukua ule mguu uliovimba, akaupakata, akaanza kufungua bendeji iliyolowa.