Kamba ya Mbuzi wa Mahari

Kila asubuhi Athanase na mkewe Emérence, wazazi wa Igiraneza, walishuka pamoja shambani hapa Kashuga. Walipenda kutaniana wakilima maharage. Lakini miezi mitatu sasa walilima kimya. Athanase alikuwa ameishiwa nguvu za kiume.

Kwenda kituo cha afya aliona haya. Akatafuta mizizi, akailoweka ndani ya kasiksi, ile pombe ya ndizi, akanywa kila jioni. Mambo yakazidi kuharibika. Mwishowe akampata wa kulaumu: baba mkwe wake, Barthélemy, aliyebaki na kamba ya mbuzi wa mahari.

"Papa yako alifunga fundo mu ile kamba," alimwambia mkewe. "Alinifunga miye!"

Akatembea mpaka Ntoto, kijijini kwa mkwewe. Mzee Barthélemy alicheka hadi akakohoa, akamwonyesha mlango wa banda la kuku.

"Kamba? Njo ile inafunga mulango ya kuku. Ikikusumbua, mukwe wangu, fungua!"

Athanase akalifungua fundo kwa mikono yake. Kuku wote wakatoka, wakakimbilia porini. Yeye akarudi nyumbani kwa shangwe. Wiki ikapita. Hali ikabaki ile ile.

"Basi ni weye mwenyewe ulinifunga," Athanase alimwambia mkewe. "Kesho utarudia kwenu."

Emérence aliumia sana, maana alimpenda mumewe. Hata hivyo hakuwa mtu wa kulia na kunyamaza.

"Nitaenda, Papa Igiraneza. Lakini kwanza tupite ku santre, weye na miye. Unakunywa maji bidoni nzima, unaenda kukojoa kila saa, unakonda. Ile haiko kamba."

Kwenye kituo cha afya, muuguzi Albert alifunga mlango, akawasikiliza bila kucheka. Akamtoboa Athanase kidole, akapima damu yake.

"Papa Athanase, uko na ugonjwa ya sukari. Sukari ikizidi mu damu inaharibisha mishipa, na damu haifike muzuri kule chini. Hauko peke yako. Banaume mingi bako na hii shida. Kwa wengine ni tansio, ile presha ya damu, kwa wengine ni tumbako, mawazo, kuchoka, ao dawa fulani yenye banakunywa."

"Na kasiksi?"

"Ile njo inazidisha."

"Kwa hiyo hakuna mwenye alinifunga?"

"Hakuna hata mumoja."

Athanase alimgeukia mkewe. Aibu ilimjaa usoni.

"Unisamehe, Mama Igiraneza. Nilikukosea."

"Nimesamehe. Sasa sikiliza muganga."

Albert alimpa vidonge vya sukari. Akamkataza kabisa kununua vidonge vya nguvu sokoni, maana vinaweza kudhuru moyo. Athanase akaacha kasiksi. Akapunguza ugali, akaongeza maharage na mboga za lengalenga. Ugali aliupenda mno, kwa hiyo alinung'unika, lakini kila mwezi alirudi kupimwa. Mwezi wa nne wa matibabu Albert alisoma kipimo akatabasamu.

Jumapili moja, baada ya misa, Athanase alisimama uwanjani mbele ya wanaume, wanawake wakiwa kando. Akaeleza yote bila kuficha.

"Na... ile nguvu ilirudia?" mmoja aliuliza kwa sauti ndogo.

Kabla Athanase hajafungua kinywa, Emérence alijibu kutoka upande wa wanawake:

"Ilirudia!"

Vicheko na vigelegele vikajaa uwanja wa kanisa. Jumatatu asubuhi Albert alikuta wanaume sita wanamngoja mlangoni, na wanne kati yao walikuja na wake zao.