Mtani Mwenye Pingu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbuke aliwapelekea maksai pumba za mpunga. Walikuwa wawili, Ngosha na Mabala, na walizoea kufungwa nira moja tangu walipofundishwa kuvuta plau. Ngosha alikuwa mweusi na mpole. Mabala alikuwa na mabaka meupe na tabia ya kumwaga pumba kwa pua, kisha kumtazama mtu kama si yeye. Mbuke aliwapenda wote, lakini mdogo wake Seni alijua vizuri kwamba Ngosha alipendwa zaidi.

Wazazi wa Mbuke walikuwa Wasukuma. Walihama na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakaja kukaa katika kijiji cha Igogwa, kwenye mbuga za Usangu, mbele kidogo ya Rujewa. Mwaka ule wa 1975 ardhi ilikauka mpaka ikapasuka, na kila mkulima alikuwa akitazama mawingu.

"Mtani wangu Shigela! Kumbe bado hujafa?" sauti nene iliita kutoka njiani.

Alikuwa Koplo Faustin, mkuu wa kituo kidogo cha polisi cha pale kijijini. Baba yake Mbuke alisimama akacheka. "Nife, wewe utamtania nani? Karibu, mtani."

Kabila la Koplo Faustin na Wasukuma walikuwa watani tangu enzi za mababu. Watani hutukanana mbele za watu wakaishia kucheka. Mtani akiingia kwako akakamata kuku, hukasiriki. Ukikasirika, watu watasema hukufunzwa na wazazi wako. Kwa hiyo Koplo alipohamia Igogwa, Shigela alifurahi sana kupata mtani ugenini. Mara ya kwanza Koplo alichukua jogoo. Akaja akachukua kibuyu cha maziwa, halafu mbuzi. Kila mara alisema, "Utani huo!" na kila mara kicheko cha baba kilizidi kuwa kifupi.

Asubuhi ile Koplo hakuwatazama kuku. Alikwenda moja kwa moja penye maksai, akafungua kamba ya Ngosha.

"Huyu anatosha kwa sikukuu ya Uhuru," alisema. "Na ninyi mje mle, sina choyo."

"Mtani, huyo ni wa plau," baba alisema, akijaribu bado kutabasamu. "Mvua iko karibu. Chukua hata ndama."

Kicheko cha Koplo kikakatika. "Ng'ombe wote hawa umewatoa wapi, Shigela? Siku hizi wizi wa mifugo umezidi huku. Nikitaka, leo unalala ndani mpaka unieleze kila mmoja alizaliwa zizi gani." Aligusa pingu zilizoning'inia kiunoni mwake. Kisha akacheka tena. "Utani huo!"

Akaondoka na Ngosha. Ngosha aligeuza shingo mara kwa mara, kwa sababu hakuzoea kutembea bila Mabala ubavuni. Mbuke alisimama na karai la pumba mkononi mpaka walipopotea njiani.

Wiki ile mvua ilinyesha. Ilinyesha vizuri, mvua ya kumfurahisha mkulima, lakini nyumbani kwa akina Mbuke ilikuwa kama msiba. Majirani walifunga maksai wao wakaingia majarubani kulima mpunga. Shamba la Shigela lilibaki na majani. Mabala peke yake hakuweza kuvuta plau, na hata walipojaribu kumfunga na jike mmoja, jike yule alilala katikati ya tope akakataa kuinuka.

"Baba, kwa nini usiende kumshtaki?" Mbuke aliuliza jioni.

"Wapi?" baba alijibu kwa hasira. "Kituoni? Anayepokea mashtaka pale ni nani, si yeye mwenyewe? Hiyo ni kesi ya ngedere kumpelekea nyani." Kisha akaongeza polepole, "Halafu nitasema nini? Kwamba mtani wangu amenitania? Wasukuma wenzangu watanicheka mpaka wachoke."

Mbuke alielewa kwamba baba yake amebanwa kila upande. Akinyamaza, watoto watalala njaa mwakani. Akisema, atafungwa kwa wizi ambao hakuufanya. Akikasirika, atakuwa mtu asiyejua desturi za kwao. Usiku ulipoingia, Mabala alilia zizini akimwita mwenzake. Mbuke akavuta shuka mpaka masikioni asimsikie.

Shuleni alikuwa hasikii kinachofundishwa. Siku moja, katika somo la siasa, Mwalimu Andendekisye aliuliza kazi ya polisi ni nini. Darasa zima lilijibu kwa pamoja, "Kulinda raia na mali zao!" Mbuke peke yake alibaki ameuma midomo, machozi yakimlengalenga.

Kipindi kilipokwisha mwalimu alimwita kando. Alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwembamba, mkali wa hesabu lakini mpole kwa mtoto mwenye shida. Mbuke alimweleza yote.

"Sikiliza, mwanangu," mwalimu alisema. "Kila askari ana mkubwa wake. Koplo Faustin si mwisho wa serikali. Mwambieni kwanza balozi wenu wa nyumba kumi. Yeye atawapeleka Mbeya kwa mkuu wa polisi wa wilaya. Huyo asipowasikiliza, yuko mkuu wa polisi wa mkoa. Na ipo Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ambayo kazi yake ni kusikiliza wananchi walioonewa na watumishi wa serikali."

"Na wakimfunga baba kwa kulalamika?"

"Kulalamika si kosa. Kusema uongo ndilo kosa. Semeni nani, wapi, lini, na mliona nini kwa macho yenu. Msitie chumvi hata chembe. Mwenye haki akiongeza uongo, anaitia doa haki yake mwenyewe."

Baba alipopelekewa maneno hayo alifoka. "Mtoto wa kike unataka nifungwe?"

Mama, ambaye siku zote hizo alikuwa kimya, aliweka chini ungo wa mchele. "Baba Mbuke, mimi nimechoka kucheka. Shamba halilimwi kwa kicheko. Nenda, mayu huyu, binti yako, aliona kila kitu, mchukue akawe shahidi."

Balozi wao, Mzee Kasian, hakuwa shujaa. Alijikuna kichwa, akakohoa, akasema mguu wake unauma. Lakini mwisho alivaa koti lake la mkutanoni. "Nilichaguliwa kwa ajili ya siku kama hizi," alisema, kana kwamba anajikumbusha mwenyewe.

Walipanda lori la mpunga, wakakaa juu ya magunia mpaka Mbeya. Mjini kulikuwa na baridi na ukungu. Katika ofisi ya polisi, askari wa kaunta aliwauliza kwa upole, "Mmeshaandikisha kituoni kwenu?"

Baba aligeuka mara moja kuelekea mlangoni, akiamini safari imekufa. Mzee Kasian alimshika mkono.

"Mwanangu," alimwambia askari, "tunayemlalamikia ndiye anayeshika kalamu kituoni kwetu."

Askari yule akawatazama, akaelewa, akawapeleka kwa mkuu wake.

Mkuu wa polisi wa wilaya alikuwa mzee mnene mwenye miwani. Alimsikiliza baba, akamsikiliza balozi, kisha akamgeukia Mbuke. "Wewe uliona nini?"

"Shikamoo, mzee. Nilimwona Koplo Faustin akifungua kamba ya Ngosha, maksai wetu mweusi. Ilikuwa asubuhi, kabla ya kengele ya shule. Baba alimwambia achukue ndama. Koplo akasema atamweka baba ndani kwa wizi wa ng'ombe."

"Alimpiga baba yako?"

Mbuke alisita. Kumbe kupigwa ni jambo zito! Akisema ndiyo, huenda Ngosha akarudi kesho. Neno ndiyo lilikuwa limefika kwenye ncha ya ulimi. Akakumbuka chumvi.

"Hapana, mzee. Hakumpiga. Alishika pingu tu."

Mkuu aliandika, akavua miwani. "Nitakuja mwenyewe Igogwa. Lazima naye nimsikilize, kwa maana mtu hahukumiwi kwa maneno ya upande mmoja. Rudini nyumbani. Hakuna wa kuwafunga kwa kuja hapa."

Maneno hayo yalikuwa matamu Mbeya, lakini Igogwa yalikuwa machungu. Habari zilikuwa zimekwisha kumfikia Koplo. Alipita mbele ya nyumba yao akipiga mluzi. "Mtani, nasikia mjini kuna baridi!" aliita. Majirani waliacha kuja kuomba moto. Baba hakula vizuri, na kila mbwa alipobweka aliinuka. Sikukuu ya Uhuru ilikuwa karibu, na Mbuke akipita nyuma ya kituo alimwona Ngosha amefungwa kwenye mti, akinenepeshwa kwa ajili ya kisu. Alijuta kufungua kinywa chake.

Hatimaye Landrover ya polisi ilifika. Mkuu aliketi katika darasa la Mbuke, na watu wakajaa mpaka madirishani. Koplo Faustin aliingia ametulia, akavua kofia yake, akaiweka juu ya meza ya mwalimu, akaketi.

"Afande," alisema akitabasamu, "nimeshangaa kuitwa. Mimi na Shigela ni watani. Ng'ombe yule ni utani tu. Mwulizeni mwenyewe."

Watu wakaanza kucheka. Mkuu akamgeukia baba. "Ni kweli ninyi ni watani?"

Baba aliinamisha kichwa. "Ni kweli."

"Alipokuwa akichukua vitu vyako, ulicheka?"

"Nilicheka," baba alisema kwa sauti iliyokuwa haisikiki vizuri.

Mbuke aliona kila kitu kinazama. Baba yake alikuwa amesema kweli tupu, na kweli hiyohiyo ilikuwa inamfunga. Mzee Kasian alitazama viatu vyake. Koplo alikuwa tayari ananyoosha mkono kuaga.

Ndipo Mbuke alipoiona kofia. Hakufikiri mara mbili. Alikwenda mezani, akaichukua, akaivaa. Ilikuwa kubwa, ikamfunika mpaka puani.

"Mtani," alisema, "nimechukua. Utani huo!"

Darasa lililipuka kwa kicheko. Hata Mkuu alicheka. Lakini Koplo Faustin aliruka kutoka kitini, uso umemvimba. "Weka chini! Mwanaharamu wewe, unachezea serikali? Nitakuweka ndani, wewe na mwizi huyo baba yako!"

Kicheko kilikatika. Koplo alitazama huku na huku, akaona kila mtu anamtazama yeye, akakaa tena polepole.

"Kumbe," Mkuu alisema, "utani wako unakwenda upande mmoja. Wao wakichukuliwa maksai wa kulimia, wacheke. Wewe ukichukuliwa kofia ambayo haijatoka hata mlangoni, unaita wizi na kifungo. Mimi najua utani, Koplo. Utani hauna pingu."

Mkuu alimwamuru Koplo apande Landrover akajieleze Mbeya, akaagiza Ngosha arudishwe, na akasema askari mwingine ataletwa kushika kituo mpaka uchunguzi ukamilike. Kisha akanyoosha mkono kwa Mbuke. "Nawe leta hiyo kofia. Leo imetufunza, lakini usirudie. Si mali ya Faustin na si mali yako. Ni ya wananchi wote, ndiyo maana mtu akiivaa vibaya, mwananchi yeyote ana haki ya kuja kutuambia."

Seni ndiye aliyekwenda mbio kumfungua Ngosha. Mabala alimsikia kutoka mbali, akalia, na Ngosha akaitika akikokota kamba na Seni nyuma yake. Mama alilia hadharani bila kuficha uso. Alimkamata kuku wake mzuri, akampelekea Mkuu kwenye gari.

"Hapana, mama," Mkuu alisema akicheka. "Kumbe hamjui? Mimi nami ni mtani wenu. Kuku huyo nitamfuata siku nitakayokuja nimevaa shati la nyumbani. Na siku hiyo mfiche watoto, la sivyo nitarudi Mbeya bila viatu!"

Baba alicheka. Kilikuwa kicheko kirefu, cha tumboni, ambacho Mbuke alikuwa hajakisikia tangu mbuzi wao achukuliwe.

Kesho yake kabla jua halijachomoza walifunga nira. Baba alishika plau, Mbuke akaongoza maksai mbele. Walipofika mwisho wa jaruba, baba alisimama kufuta jasho.

"Mbuke," alisema, "mimi nilidhani kunyamaza ndiyo heshima. Nilinyamazia jogoo, nikanyamazia mbuzi, mpaka mtu akaona hata plau yangu ni yake. Mtu akikuonea, hata akiwa na sare, mtafute mkubwa wake ukamwambie kweli, isiyopungua wala kuzidi. Ungesema nilipigwa, jana darasani nani angetuamini?"

"Hakuna, baba."

"Haya, geuza ng'ombe. Majani hayatusubiri."

Mbuke aligusa shingo ya Ngosha, na maksai wote wawili wakageuka kwa pamoja.