Kompyuta Iliyopekuliwa Kila Siku

"Kila siku? Asabe, kila siku? Hiyo ni kompyuta au ni kichwa chenye chawa?"

"Afadhali chawa, dada. Chawa hawali tasnifu ya mtu."

"Nimekwambia mara ngapi? Flashi ikija, unaiskani kabla hujaifungua. Mashine nzima unaiskani mara moja kwa wiki, Ijumaa, basi. Na antivairasi ikikamata kitu, unakifungia kando kwanza. Unaangalia ni nini. Ndipo unafuta."

"Niwafungie kando? Niwapelekee na chakula?"

Hansatu alitaka kucheka akajizuia, maana alikuwa amekasirika kweli. Alikaa kitandani amenyoosha miguu karibu na jiko la makaa, bakuli la uji wa magadi likiwa mapajani. Alikuwa amerudi kwa baba yao hapa Samaru kujifungua mtoto wake wa kwanza, na kompyuta yake ya kupigia chapa kazi za wanafunzi alikuja nayo, kwa sababu wanafunzi wa chuo kikuu hawasubiri arobaini ya mtu. Mpaka arobaini iishe, mdogo wake Asabe ndiye aliyepiga chapa. Kazi iliingilia ukumbi wa mlangoni. Mwanafunzi alisimama pale, akatoa salamu, akapitisha flashi pembeni ya pazia. Mwanamume hakupita hapo.

Wiki moja nyuma Asabe alisahau kuipekua flashi ya mwanafunzi mmoja, Bilyaminu. Kurasa zake tisini juu ya magonjwa ya karanga ziligeuka visanduku vitupu. Bilyaminu alisimama ukumbini, wenzake wakiwa nyuma yake, akasema kwa sauti ili asikike hadi jikoni, "Kosa ni langu. Nimempa kazi mtu ambaye shule yenyewe ilimshinda."

Walicheka. Asabe alikuwa nyuma ya pazia, amesimama na sahani mkononi.

Shule haikumshinda. Aliiacha mama yao alipofariki, kwa kuwa baba yao alikuwa dereva wa lori la kwenda Lagos na nyumba haikuwa na mtu. Lakini hakuna aliyeuliza. Tangu siku ile Asabe hakutaka kutengeneza kitu. Alitaka kuua kitu.

"Kila siku," alisema sasa. "Saa sita mchana, umeme ukirudi. Na ifute yenyewe bila kuniuliza."

"Haya, bingwa. Ikiharibika usiniite."

Ilikuwa Jumapili. Saa sita watoto wa mtaani walipiga kelele kuwa umeme umerudi, feni ya mashine ikaanza kuvuma, antivairasi ikaanza kupekua. Baada ya dakika arobaini ilikuwa imekamata kitu kimoja. Kwa kawaida vitu hivyo huwa na majina ya ovyo, herufi na namba zimechanganywa. Hiki kiliitwa Ladi. Chini yake paliandikwa: kimefutwa.

"Dada, nimeua mtu anaitwa Ladi."

"Maskini. Kazaliwa Jumapili, kafa Jumapili."

Walicheka pamoja, ugomvi ukaisha. Kwao msichana aliyezaliwa Jumapili huitwa Ladi, kama vile Asabe alivyoitwa hivyo kwa kuzaliwa Jumamosi. Kisha Hansatu akanusa hewani.

"Umemwaga maziwa kwenye makaa?"

"Maziwa yapi?"

Waliangalia jikoni. Makaa yalikuwa makavu.

Jumatatu mashine ilikamata Tani, jina la msichana wa Jumatatu. Jumanne ikamkamata Talatu, la msichana wa Jumanne. Asabe alisema wanafunzi wa siku hizi wamekosa majina ya kuyapa mafaili yao. Lakini chuo kilikuwa kimefungwa tangu Jumatatu kwa mgomo wa walimu, na hakuna flashi hata moja iliyokuwa imepita pazia. Hilo alilijua. Hakulisema, kwa kuwa kila neno "kimefutwa" lilipotokea alisikia utamu kifuani, kama vile Bilyaminu mwenyewe ameanguka kifudifudi.

Jumanne hiyohiyo Hansatu alikiri kuwa mtoto anakataa titi.

Mtoto alikuwa na siku thelathini na mbili. Siku ya saba imamu alimpa jina, Zulaihatu, lakini Hansatu hakuwahi kulitia jina hilo kinywani. Kwao mtoto wa kwanza mama yake hamtaji jina. Ni aibu, na Hansatu alikuwa mwanamke mwenye haya. Alimwita "huyu", au "mgeni wenu".

"Mgeni wenu ameshiba," alisema kwa sauti ndogo. Gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, matiti yamejaa mpaka yanauma. "Tangu juzi hanyonyi. Hata halii. Na tazama mashavu. Ananenepa."

"Nani kamlisha?"

"Ndilo ninalokuuliza."

Asabe aliinama. Kidevuni pa mtoto palikuwa na tone la maziwa, la kijivu, kama maji yaliyokorogwa jivu. Alilifuta kwa kidole akanusa. Ilikuwa ile harufu ya Jumapili.

Jumatano ilikuwa zamu ya Larai. Mashine ilipokuwa ikipekua, chini ya mvumo wa feni kulikuwa na sauti nyingine, ya kiganja kinachopigapiga mgongo wa mtoto polepole, na mtu anayeimba amefumba mdomo.

"Zima," alinong'ona Hansatu.

"Sijashika kitu, dada."

"Basi nani anapiga?"

Asabe aligeuka. Mtoto alikuwa amelala kitandani peke yake, na kila kiganja kilipopiga, nguo yake ya mgongoni ilibonyea.

Alhamisi Hansatu alikuwa uani akifua nepi. Dakika arobaini baada ya umeme kurudi Asabe aliingia chumbani, akasimama kizingitini na hakuweza kwenda mbele wala kurudi, kwa sababu jua la saa sita lilikuwa limejaa chumba kizima na hapakuwa na kivuli hata kimoja cha kumdanganya macho, na katika mwanga huo mweupe mtoto alikuwa juu ya godoro lakini hakuligusa, ameinuliwa kiasi cha shubiri, kichwa kimeegemea mahali pasipo na mkono, shavu limebonyea kama linavyobonyea shavu lililobanwa na titi, na mdomo wake mdogo ulikuwa unafanya kazi, unanyonya, unameza, unapumzika, unanyonya tena, huku maziwa ya kijivu yakimtiririka shingoni na kudondoka shukani, na nyuma yake skrini ikiandika neno Lami, na chini ya Lami, kimefutwa, na neno hilo lilipotokea kitu kile kisichoonekana kilimkumbatia mtoto kwa nguvu zaidi mpaka Asabe akasikia mifupa midogo inalia.

Alipiga kelele. Mtoto alishuka taratibu kama anayelazwa.

Shangazi Delu alifika na ndoo ya maji ya mwarobaini yanayochemka. Ndiye aliyekuwa akimwogesha Hansatu asubuhi na mchana tangu ajifungue. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza majina. Asabe aliyataja yote matano. Shangazi Delu aliiweka ndoo chini.

"Mimi kabla sijamwaga maji ya moto, huwa nasema nini?"

"Unasema bismillahi. Mwenye mtoto amchukue mtoto wake."

"Na wewe ulisema?"

"Shangazi, ile ni kompyuta."

"Sikukuuliza ni nini. Nimekuuliza ulisema?"

Asabe alitikisa kichwa.

"Jini na wanawe wamekaa humo pengine tangu mashine inanunuliwa," alisema Shangazi Delu. Sasa alikuwa ananong'ona. "Dada yako alipekua mara moja kwa wiki. Mama yao aliwaondoa, siku ikapita, wakarudi. Anayekamatwa anafungiwa, haumizwi. Wewe umemwagia moto kila siku, saa ileile. Awapeleke wapi? Watoto watano, Asabe. Na matiti yake bado yamejaa."

Hansatu alimvuta mtoto kifuani. "Kwa nini huyu? Yeye kamkosea nini?"

"Kwa sababu hana wa kumwita. Mama yake hamtaji, basi yeyote anaweza kumwita wake." Alimgeukia Asabe. "Kesho ile mashine usiiwashe. Utakaa mbele yake, utaomba msamaha. Umesikia?"

"Nimesikia, shangazi."

Alisikia. Lakini Ijumaa, wenzake walipokuwa uani kwenye bafu, alikaa mbele ya skrini nyeusi na msamaha haukutoka. Aliyezila kurasa tisini amemwomba nani msamaha? Aliyemcheka ukumbini alimwomba? Na huyu anayemnyonyesha mtoto wao jivu, yeye ndiye apigiwe magoti? Tena yumo humohumo. Mama mtu yumo. Wanawe wamekamatwa mmoja mmoja. Siku moja zaidi, naye atakamatwa, na mambo yataisha.

Watoto wa mtaani walipiga kelele. Asabe akabonyeza kitufe.

"Toka kwetu," aliiambia skrini huku meno yameumana. "Toka, mwizi. Nitakufuta na wewe."

Ilipekua dakika ishirini, thelathini, arobaini. Ikakamata kimoja. Jummai. Kimefutwa.

Makaa yalizimika jikoni yote kwa mara moja, kama yaliyomwagiwa maji. Uani Hansatu alikuwa amemshika mtoto begani. Mtoto alifumbua macho, akafungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa ya mtoto. Ilikuwa ya mwanamke mtu mzima aliyelia mpaka sauti ikakauka.

"Sita," ilisema.

Jumamosi asubuhi Shangazi Delu alichomoa nyaya zote kwa mikono yake. Alizitoa hata za betri ya akiba, akazikunja, akazitupa kwenye ndoo. Hakumgombeza Asabe. Hilo ndilo lililomtisha Asabe kuliko yote. Walikaa watatu chumbani, mtoto katikati yao juu ya mkeka, wakisubiri saa sita kama watu wanaosubiri jeneza litoke.

"Leo ni Jumamosi," alinong'ona Asabe.

"Tunajua," alisema Shangazi Delu. "Nyamaza."

Watoto wa mtaani walipiga kelele. Kompyuta isiyo na waya hata mmoja ikawaka.

Haikupekua. Iliandika tu, polepole, kama mtu anayetafuta herufi kwa kidole kimoja. Ladi, kimefutwa. Tani, kimefutwa. Talatu, Larai, Lami, Jummai. Kisha mstari wa saba: Asabe. Mbele yake hapakuandikwa kitu.

Harufu ya maziwa yaliyoungua ilijaa chumbani mpaka macho yakawasha, na mtoto akaanza kuinuka kutoka mkekani, kwanza kichwa, kisha mabega, kisha visigino, akapita magoti ya mama yake, akapita kifua, na Hansatu alipomshika miguu alihisi upande wa pili kuna mikono inayovuta, si kwa pupa, bali kwa nguvu ya mtu ambaye hana tena cha kupoteza.

"Mwite!" alisema Shangazi Delu. "Hansatu, mwite kwa jina!"

"Shangazi, siwezi, mbele yako..."

"Aibu utaiona kesho! Mwite mwanao!"

Hansatu alifungua mdomo mara mbili bila sauti. Mtoto alikuwa usawa wa macho yake sasa, na visigino vilikuwa vinamtoka viganjani kimoja kimoja.

"Zulaihatu," alisema. Kisha akapaza sauti iliyosikika mpaka nyumba ya tatu. "Zulaihatu! Wangu! Mimi ndiye niliyekuzaa, Zulaihatu!"

Mikono ile iliachia. Mtoto aliangukia mapajani mwa mama yake na kulia, kilio chembamba cha mtoto mwenye njaa, na alipopewa titi alilikamata kama anayeogopa kunyang'anywa. Hansatu alilia naye. Skrini ilikuwa nyeusi. Shangazi Delu alishusha pumzi, akampapasa Asabe kichwani kwa mara ya kwanza siku ile.

"Imekwisha?" aliuliza Asabe.

Shangazi Delu aligeukia mlango. Ukumbini kulikuwa na mtu. Walisikia ndara zikivuliwa, kisha sauti ya mwanamke ikitoa salamu, ya upole, iliyochoka. Mwanamke hasubiri ukumbini. Angepita moja kwa moja uani kama wanawake wote. Huyu alisimama nyuma ya pazia, na chini ya pazia maziwa ya kijivu yalikuwa yanadondoka sakafuni, tone moja moja.

Shangazi Delu alimziba Asabe mdomo kwa kiganja.

"Nenda zako," alisema. "Mtoto ameitwa na mama yake. Hapa huna mtoto."

"Nimesikia," alisema mwanamke aliyekuwa mlangoni. "Huyo nimemwachia mama yake. Mimi nimemfuata Asabe, asiye na mama wa kumwita."